Mgeni Katika Hadithi ya Mwingine: Mjadala wa Kimilili juu ya Mhusika Mpya

Hadithi ya shabiki ni hadithi inayotungwa na msomaji juu ya msingi wa kazi ya mtunzi mwingine, kwa kuwachukua wahusika wa kazi hiyo pamoja na mandhari na matukio yake, kisha kuyaendeleza, kuyageuza au kuziba pengo ambalo mtunzi wa kwanza aliliacha wazi. Humo ndani shabiki huweza kumwingiza mhusika mpya, yaani mtu ambaye hakuwamo katika kazi ya asili, na mara nyingi mtu huyo huwa ni shabiki mwenyewe aliyejipa jina jingine na kujivika kila sifa aliyowahi kuitamani: uzuri usio na doa, akili isiyokosea, sauti ya kuimba, ujasiri, na mapenzi ya kila amwonaye. Katika mjadala huu mhusika wa aina hiyo anaitwa nafsi iliyopambwa. Nchini Marekani amekuwa na jina lake tangu mwaka 1973, pale Paula Smith alipochapisha katika jarida la mashabiki la Menagerie kisa kifupi cha dhihaka kuhusu Luteni Mary Sue, msichana wa miaka kumi na mitano na nusu anayejitokeza katika chombo cha angani cha Star Trek, akawapiku wakubwa wake kwa kila jambo, kisha akafa huku wote wakimlilia. Kisa kile kililenga mtindo uliokuwa umeenea miongoni mwa waandishi mashabiki wa wakati huo, na jina la msichana yule likabaki kuwa lawama.

Kimilili haiko mbali na suala hili. Mji huu wa Kaunti ya Bungoma, ulio chini ya Mlima Elgon, uko karibu na Kitale kiasi kwamba mfanyabiashara wa mahindi huweza kwenda kwa njia ya Kamukuywa na Kiminini akarudi siku hiyo hiyo. Na Kitale ndiko Ken Walibora, aliyezaliwa pande za Bungoma mwaka 1965, alikomfikisha Kongowea, msimulizi wa riwaya yake Siku Njema (1996), kijana wa Tanga aliyefiwa na mama yake, mwimbaji wa taarabu, akafunga safari ya kumtafuta baba ambaye hakulelewa naye. Riwaya hiyo ilisomwa na kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya, na msomaji wa Kimilili anayeifikia sehemu ya Kitale huwa na haki ya kujiuliza mbona hakuna mtu wa kwao anayepita njiani wakati Kongowea anapoteremka garini.

Sauti zinazosikika hapa zimebuniwa ili zibebe hoja, na zinatajwa kwa nafasi zao: mwalimu wa fasihi katika shule ya upili, mwanafunzi wa kike wa kidato cha tatu, mhariri wa vitabu, na mzee ambaye mwanafunzi anamwita Kuka, kama Wabukusu wanavyomwita babu. Mbele yao iko rasimu ya mwanafunzi, inayomwingiza Nafula, msichana wa Kimilili, katika Siku Njema. Nafula wa rasimu hiyo anakutana na Kongowea siku ya kwanza. Anaimba kuliko marehemu Zainabu Makame, mama wa Kongowea. Anazungumza Kiswahili kinachompita Kongowea, ambaye umahiri wake wa insha ulimpatia lakabu ya Msanifu Kombo. Na kabla jua halijatua amekwisha kumpata baba aliyekuwa akitafutwa.

Mwalimu alianza kwa ukali. Kwa maoni yake mzizi wa nafsi iliyopambwa umo katika insha za darasani, ambamo mwanafunzi hupewa alama kwa kumrundikia msichana shingo ya twiga, meno ya theluji, macho ya gololi na mwendo wa tausi, na ambamo shujaa wa kila kisa huanza kwa umaskini, huwa wa kwanza katika mtihani, hupata ufadhili na kurudi nyumbani kwa ndege. Mtoto aliyefunzwa hivyo, alisema, hawezi kumtunga mtu. Anaweza kutunga cheti cha sifa njema tu. Akapendekeza sheria moja: mhusika mpya asifanane na mwandishi wake kwa umri, kwa jinsia wala kwa mahali anapotoka.

"Hapana, Mwalimu," mwanafunzi alijibu, na akaomba radhi kwa kumkatiza. Sheria hiyo, alieleza, ingemzuia msichana wa Kimilili asiandike kamwe juu ya msichana wa Kimilili, na wasichana wa Kimilili katika riwaya si wengi kiasi cha kupunguzwa. Akauliza kwa nini hakuna anayemlaumu Elvis Musiba kwa Willy Gamba, mpelelezi aliyeanza kazi katika Kufa na Kupona mwaka 1974 na kuendelea kitabu baada ya kitabu akiwashinda maadui kwa nguvu, kwa akili na kwa mvuto wake mbele ya wanawake. Mwanamume akijiota jasiri, hadithi yake huitwa riwaya ya kusisimua. Msichana akijiota jasiri, hupewa jina la kudhihakiwa. Akaongeza kwamba hata Karama, katika Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), ni mtu asiye na dosari anayetetea uanasheria ambao mtunzi mwenyewe aliuamini, na kitabu hicho kinaheshimiwa Afrika Mashariki nzima.

Hoja hii ina uzito, na mwalimu hakuipuuza. Alikubali kwamba lawama hiyo imewaangukia wasichana kuliko wavulana, na kwamba ukamilifu peke yake si kosa, hasa katika fumbo, yaani hadithi ambamo kila mhusika anasimama badala ya wazo fulani na jina lake linatangaza wazo hilo. Lakini akamtaka mwanafunzi aangalie Karama anafanya nini kwa ukamilifu wake. Majivuno anapomshitaki mbele ya mfalme, Karama hatumii nafasi aliyopewa ya kujitetea kusimulia fadhila zake. Kwa siku sita anasimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa na nchi yao wakarudi na kutiwa gerezani. Msomaji anapofunga kitabu, moyo wake uko kwa wajumbe. Karama ni mkamilifu anayewaangazia wengine. Nafula wa rasimu anafanya kinyume chake, kwa kuwa wengine wote wamewekwa pale ili wamwangazie yeye.

Hapo mhariri, aliyekuwa kimya, aliihamisha hoja kutoka kwa mhusika mpya na kuipeleka kwa wahusika wa zamani, na kwa kufanya hivyo alisema jambo lenye manufaa kuliko yote yaliyotangulia. Kosa la nafsi iliyopambwa, alidai, halionekani kwa kumkagua Nafula. Linaonekana kwa kumkagua Kongowea. Kijana huyu ametoka Tanga, amevuka mpaka, amebeba msiba wa mama na kiu ya baba, lakini katika rasimu ukurasa wa pili unapomalizika amesahau safari yake na kukaa akisifu sauti ya Nafula. Mtu aliyetungwa na Walibora ameondoka, na mahali pake pameachwa sanamu lenye jina lake. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ambacho shabiki anapaswa kukitumia ni kusoma rasimu yake akimfuata mhusika wa asili tu, na kuuliza katika kila ukurasa kama mtu huyo bado anataka alichokuwa akikitaka, bado anaogopa alichokuwa akikiogopa, na bado ana uwezo wa kukataa.

Mhariri alikwenda mbele zaidi na kuikosoa dawa inayotolewa kila mahali, ile ya kumpa mhusika dosari ili asiwe mkamilifu. Waandishi wengi huitumia dawa hiyo kama mapambo mengine: kovu dogo shavuni linalomzidishia mhusika uzuri, hasira za haraka ambazo hazimdhuru mtu yeyote, uyatima unaotajwa mara moja ili ahurumiwe na kisha usitajwe tena. Dosari isiyomgharimu mtu chochote ni sifa iliyogeuzwa upande. Wataalamu wa fasihi ya Kiswahili hutofautisha mhusika bapa, asiyebadilika na mwenye upande mmoja tu, na mhusika duara, mwenye pande nyingi na anayebadilishwa na mambo yanayompata. Lakini ubapa hautibiwi kwa kuongeza orodha ya tabia. Unatibiwa kwa kumweka mhusika mahali ambapo kupata kitu kimoja ni kupoteza kingine.

Mzee aliafiki, naye akaleta ushahidi wake kutoka simulizi ya Mango, ambayo hakuna mtoto wa Kibukusu asiyeisikia Agosti ya kila mwaka unaogawika kwa mbili, msimu wa tohara unapofika. Mango alimuua Yabebe, nyoka mkubwa aliyekuwa akiangamiza watu na mifugo. Msikilizaji wa haraka hudhani kwamba kisa kinaishia kwenye ushindi huo, na vijana wanaopenda kujiweka katika kisa hicho humpa Mango mwandani shupavu anayemzidi kwa panga. Lakini simulizi haikukoma pale. Majirani waliotahiri walikuwa wamemdharau Mango kwa kutotahiriwa, na baada ya kumuua nyoka ilimbidi asimame mbele ya kisu chao, na kisu hicho kikawa desturi kwa vizazi vyote vilivyofuata. Ushujaa wake ulimletea wajibu badala ya kumpa starehe. "Mtu wa hadithi," mzee alisema, "hujulikana kwa anachodaiwa." Mwandani wa Mango anayeingizwa na shabiki adaiwe nini, na nani? Asiyeweza kujibu swali hilo, kwa maoni ya mzee, hana mhusika bado.

Mzee huyo huyo alionya juu ya jambo jingine, ingawa kwa ufupi, kwa kuwa lilihitaji mjadala wake. Vijana wa Kimilili hupenda kutunga visa kumhusu Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Musambwa, ambaye kabla ya kugombana na serikali ya kikoloni aliwahi kuichezea Kenya mpira wa miguu. Mtu wa namna hiyo, aliyeishi kweli na kufungwa kweli, hahitaji kijana wa kubuni wa kumnong'oneza la kusema. Shabiki anayemweka kijana huyo kando yake anamnyang'anya marehemu maamuzi aliyoyalipia kwa miaka ya kifungo. Mwalimu alitaka onyo hilo liwe kali zaidi, na mwanafunzi hakulipinga.

Aliyeendelea kupinga jambo jingine alikuwa mwanafunzi. Kama mhusika mpya hapaswi kuwa hodari, aliuliza, hadithi inamhitaji wa nini? Mwalimu alimjibu kwa Saada, kijakazi katika kisa cha Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ambaye Muhammad Kijumwa aliuandika utenzi wake mwaka 1913. Liyongo ndiye mwenye nguvu zinazotisha, ndiye mshairi, ndiye anayemtia sultani wa Pate hofu, naye amefungwa. Saada hana cheo, hana silaha, hana sauti ya kuwashinda walinzi. Kazi yake ni kuleta chakula gerezani na kuupeleka kwa mama wa Liyongo ujumbe uliofichwa katika wimbo. Mama anaoka mikate mizuri na mkate wa wishwa, anaificha tupa ndani ya ule wa wishwa, na walinzi wanapokula ile mizuri na kumtupia mfungwa ule mbaya, dharau yao wenyewe ndiyo inayomfungulia mlango. Saada hakuwapiku walinzi kwa ujasiri wa kipekee. Alipita kwa sababu kijakazi mwenye kapu haangaliwi mara mbili. Udogo wa nafasi yake ndio uwezo wake. Mwalimu alisema kwamba kama Saada angekuwa ameingizwa na shabiki wa siku hizi, angevunja minyororo kwa mikono, Liyongo angempenda papo hapo, na msomaji angesahau tupa.

Mhariri aliongeza mfano wa mtunzi aliyechukua mhusika wa kigeni akampa nyumba mpya. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, katika Mzimu wa Watu wa Kale iliyotoka mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la utunzi, alimleta Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko na mantiki kali, ambaye kila msomaji wa Arthur Conan Doyle humtambua kuwa ndugu wa Sherlock Holmes, na kando yake akamweka Najum katika nafasi ya Dakta Watson. Hiyo si hadithi ya shabiki kwa maana kamili, kwani wahusika wamebadilishwa majina na nchi, lakini ni jamaa yake wa karibu. Kilichomwokoa Bwana Msa asiwe kivuli ni kwamba Unguja haikupindwa ili imtoshe: imani za mizimu, mashamba, koo na siri za nyumba zinaendelea kuwa na uzito wake, na yeye hulazimika kuzipitia. Tena mtunzi hakuona haya kukipa kimojawapo cha vitabu vyake jina la Kosa la Bwana Msa (1984).

Ndipo wote wakarudi kwa Nafula, na hapa mjadala ulipata kina ambacho kanuni peke yake haziwezi kukitoa. Mhariri alimtaka mwanafunzi amwondolee Nafula sauti ya kuimba na Kiswahili cha kumpita Msanifu Kombo, si kwa sababu msichana wa Kimilili hawezi kuwa navyo, bali kwa sababu ndivyo vitu viwili ambavyo Walibora amekwisha kuvigawa: uimbaji ni wa mama, lugha ni ya mwana. Mgeni anayeingia katika nyumba na kuchukua vilivyokwisha kupewa wenyeji hajaongeza kitu ndani yake. Swali la kweli ni lile la kitu ambacho Nafula anacho na ambacho hakuna mwingine anacho katika riwaya yote.

Mwanafunzi alifikiri, kisha akajibu kwa mambo ya kawaida kabisa. Nafula anamsaidia mama yake kununua mahindi Kitale na kuyauza Kimilili. Anawajua wapagazi na madereva. Anajua nani ameoa wapi na nani amehamia shamba gani upande wa Trans Nzoia. Kiswahili chake ni cha Bungoma, kimechanganyika na Lubukusu, na Kongowea anapokisikia mara ya kwanza anatabasamu kwa namna inayomuudhi. Naye, kama anavyofanya mtu yeyote wa kwao anapokutana na mgeni na kutaka kujua amweke wapi, anamuuliza: wewe ni wa ukoo gani?

Mzee aliposikia swali hilo alisema kwamba sasa Nafula amezaliwa. Katika jamii ya Wabukusu ukoo hufuata upande wa baba, na kwa ukoo mtu hujua ni nani ndugu yake, ni nani asiyeweza kumwoa, na ni katika maziko ya nani anapaswa kuhudhuria. Msichana ameuliza swali la adabu, pengine la ukarimu, bila kujua kwamba ndilo swali pekee ambalo kijana huyu hana jibu lake, na kwamba kutokuwa na jibu ndiko kulikomtoa Tanga. Hakuna kipaji kilichohitajika. Swali limetoka katika malezi ya aliyeliuliza, limegusa jeraha la aliyeulizwa, na limeufanya mji wa Kitale uwe na maana mpya katika safari ya Kongowea bila kubadilisha hata tukio moja la riwaya. Mwalimu, ambaye alikuwa ameanza kwa kudai kwamba mwandishi asijitie kabisa katika hadithi, alikiri kwamba swali hilo lisingeweza kuandikwa na mtu asiyewahi kuulizwa.

Ni vyema kutambua kilichotokea hapa, kwa kuwa ni rahisi kukipita. Mwandishi hakuondolewa katika hadithi yake; kilichoondolewa ni mapambo, na nafasi yake ikachukuliwa na ujuzi wake wa kweli wa sokoni, barabarani na nyumbani. Nafsi ya mwandishi ni mali yake ya kwanza, na kumkataza asiitumie ni kumwacha na vitu vya kuazima, vikiwemo shingo ya twiga na meno ya theluji. Kinachomharibia ni kuitumia nafsi hiyo kama tuzo ya kujipa, ilhali angeweza kuitumia kama macho ya kuonea.

Baada ya hapo yalibaki mambo ya ufundi. Mhariri alikumbusha kwamba sheria ya hakimiliki ya Kenya humlinda mtunzi na warithi wake kwa miaka hamsini baada ya mwaka wa kifo chake, na kwa kuwa Walibora alifariki mwezi Aprili 2020, hadithi ya Nafula inaweza kuwa zoezi na kusomwa darasani, lakini haiwezi kuuzwa bila idhini. Kisha akataka Kongowea abaki kuwa msimulizi kama ilivyo katika riwaya, ili Nafula aonekane kwa macho yanayoweza kumkosea, kwani mhusika mpya anayejisimulia kwa nafsi ya kwanza hupata fursa nyingi mno za kujihurumia. Mwanafunzi alikataa. Sura moja tu, alisema, ile ya sokoni, itasimuliwa na Nafula, ili kwa mara moja Kongowea aonekane kutoka nje, kijana mwenye maneno mazuri anayemuuliza njia mtu ambaye ana magunia ya kuuza kabla ya mvua, na ambaye akimsindikiza atapoteza biashara ya siku hiyo na kugombezwa na mama yake.

Mwalimu aliuliza kama Nafula atakuja kujua mwisho wa safari ya kijana huyo. Mwanafunzi aliona ni heri asijue. Mzee alilikataa hilo kwa ukarimu na kwa msimamo: habari za Kitale hufika Kimilili, lakini hufika zimepitia vinywa vya wapagazi, madereva na wauzaji, kila mmoja akiwa ameongeza chake na kupunguza cha mwenziwe. Mwanafunzi aliukubali uvumi huo, akashikilia tu kwamba uwe na kosa moja ambalo msomaji wa Siku Njema atalitambua mara moja na ambalo Nafula ataliamini maisha yake yote.